Kwa Nini Damu Hupimwa Mara Mbili: Historia ya Kipimo cha Virusi vya Ukimwi

Somo hili lilisomwa kwanza hewani, na sasa limepigwa chapa ili wewe uliyelikosa, au uliyelisikia nusu kwa sababu ya kelele za nyumbani, upate kulisoma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mkifika mahali penye hesabu, simameni mhesabu kwa kalamu na karatasi, msikimbilie mbele.

Leo twataka kuelewa jambo moja tu. Mtu amepatwa na jambo la kumtia hofu: kondomu imepasuka, au muuguzi amejichoma kwa sindano ya mgonjwa, au mtu ameingiliwa kwa nguvu. Kesho yake anakwenda hospitali ya Sekou Toure, au anapanda mlima wa Bugando, au anaingia kituo cha afya kilicho karibu naye huku Nyamagana. Anatobolewa kidole, anangoja dakika 20, kisha anaambiwa kwamba virusi havikuonekana. Anatoka nje akipumua, anapiga simu nyumbani, na pengine anasema moyoni kwamba jambo lile limekwisha.

Je, ameambiwa kwamba yu salama? Hapana. Ameambiwa kwamba majuma kadhaa yaliyopita alikuwa hana virusi. Juu ya jambo la jana, kipimo hakijasema neno hata moja. Muda huu ambao virusi vimo mwilini na kipimo hakivioni huitwa kipindi cha dirisha. Mimi sikulipenda sana jina hilo, maana dirisha kwetu ni mahali pa kuchungulia, na hiki ni kipindi ambacho huchungulii kitu. Lakini ndilo jina lililokwisha kuenea vituoni, nasi tutalitumia hivyo hivyo.

Ili tuelewe kwa nini dirisha hilo lipo, yafaa turudi nyuma kidogo katika historia.

Mwezi wa Juni 1981, idara ya afya ya Marekani ilichapisha habari za vijana watano wa Los Angeles walioshikwa na kichomi cha namna ambayo haikuwa ikiwapata watu wenye nguvu zao. Miaka miwili baadaye, yaani 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania waliandikwa katika mkoa wa Kagera. Watu wa Bukoba walikuwa na jina lao kwa maradhi hayo, waliyaita Juliana, kwa nguo fulani zilizokuwa zikiletwa na wafanya magendo kutoka Uganda. Waganda wenyewe waliyaita Slim, kwa ajili ya kukonda, na mwaka 1985 madaktari wakaandika habari za Slim ya Rakai katika jarida la The Lancet la Uingereza. Kutoka Bukoba hadi Mwanza ni safari ya usiku mmoja kwa meli, nasi tulikuwa na MV Victoria iliyobeba ndizi, kahawa, wafanya biashara, wanafunzi na askari. Ilipofika mwaka 1986, kila mkoa wa Tanzania bara ulikuwa umekwisha kuandika mgonjwa wake.

Katika miaka hiyo ya mwanzo mganga hakuwa na kipimo chochote. Alimtambua mgonjwa kwa macho: amekonda, anaharisha mwezi mzima, ana homa isiyokoma, ana utando mweupe mdomoni. Lakini mtu asiyetumia dawa huweza kukaa na virusi miaka 8 au 10 kabla ya kuonyesha dalili hizo. Basi twaweza kusema kwamba dirisha la kwanza kabisa lilikuwa la miaka, wala halikuwa la majuma. Mtu mzima mwenye afya, anayevua sangara au kuuza vitenge, alikuwa navyo mwilini, na hapakuwa na njia yoyote duniani ya kumwambia.

Mwaka 1983 Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa chuo cha Pasteur, Paris, pamoja na wenzao, walivipata virusi vyenyewe. (Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008.) Mwaka 1984 Robert Gallo wa Marekani na wenzake wakatoa ushahidi zaidi kwamba virusi hivyo ndivyo vinavyoleta Ukimwi, na tarehe 2 Machi 1985 serikali ya Marekani ikatoa ruhusa ya kutumia kipimo cha kwanza cha damu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Kipimo kile cha mwaka 1985 hakikutafuta virusi. Virusi ni vidogo mno, na katika tone la damu ni vichache. Kuvitafuta vyenyewe kulikuwa kazi ya maabara kubwa. Wataalamu walifanya ujanja mwingine. Mwili ukiingiwa na mgeni mbaya hutengeneza askari wake maalumu, wanaoitwa kingamwili, na kila mgeni hutengenezewa askari wa namna yake. Wataalamu walichukua vipande vya virusi vilivyouawa, wakavibandika katika vishimo vya kibao, wakamimina majimaji ya damu ya mtu. Kama kingamwili za virusi hivyo zilikuwamo, zilishikamana na vile vipande, na dawa iliyotiwa baadaye ikabadili rangi.

Wasukuma mtanielewa upesi nikiwakumbusha habari za sungusungu. Mwizi wa ng'ombe anaingia kijijini usiku. Hapana anayemwona. Baadaye mwenye zizi anaamka, anapiga yowe, filimbi zinalia, na vijana wanatoka na pinde zao. Mtu aliyeko kilima cha pili hakumwona mwizi, lakini amesikia yowe, naye anajua kwamba mwizi ameingia. Kipimo cha damu ni mtu huyo wa kilima cha pili. Husikiliza yowe. Na kati ya saa mwizi alipoingia na saa yowe lilipopigwa, mtu wa kilima cha pili atakuapia kwamba kijiji kimelala salama. Hasemi uongo, ila hajasikia kitu bado.

Muda kati ya mwizi na yowe ndio dirisha. Kwa vipimo vya kwanza vya mwaka 1985 na miaka iliyofuata, dirisha lilikuwa la majuma 6 hadi 12, na kwa hadhari watu wengi waliambiwa wangoje hata miezi 6. Wataalamu wakatengeneza vipimo vilivyosikia yowe dogo zaidi, na muda ukapungua hadi mwezi, kisha hadi kama majuma matatu. Baadaye wakaja na kipimo kinachotafuta vitu viwili kwa pamoja: kingamwili, na pia kipande cha virusi vyenyewe kiitwacho p24, ambacho huonekana kabla ya kingamwili. Hicho maabara zenye vyombo huweza kuona maambukizi yakiwa na majuma mawili na kitu. Na kiko kipimo cha kutafuta chembe za urithi za virusi, ambacho huona tangu siku ya 10 au 11 hivi, ila ni cha gharama nacho hakifanywi kwa kila mtu. Siku zile za kwanza kabisa, kabla ya siku ya 10, hakuna kipimo duniani kinachoona. Virusi viko katika nyama za mwili na matezi, havijamiminika katika damu kwa wingi wa kutosha.

Wengine huuliza: mbona basi vituo vyetu vinatumia kile cha kutoboa kidole, chenye dirisha refu zaidi? Jibu ni kwamba hicho hakihitaji umeme, hakihitaji mtambo, na jibu lake hutoka mtu akiwa bado amekaa kitini. Kabla ya vipimo vya haraka, damu ilisafirishwa maabara, na watu wengi waliotoa damu hawakurudi kuchukua majibu. Vituo vya Angaza vya AMREF vilipoanza mwaka 2001, ajabu yake kubwa machoni pa watu ilikuwa hiyo: unaingia, unapimwa, unajibiwa, unakwenda zako. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete alifungua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari mjini Dar es Salaam, naye na mkewe Mama Salma wakapimwa hadharani. Kipimo kinachomfikia mtu wa Kisiwa cha Ukerewe kwa mtumbwi, hata kama dirisha lake ni refu kidogo, kimeokoa watu wengi kuliko mtambo mzuri usiotoka mjini. Huo ndio msimamo wangu, na naona historia inaniunga mkono.

Tuje sasa Mwanza penyewe, maana mji huu una sehemu yake katika habari hizi, na watu wengi wa Nyamagana hawajui kwamba kazi iliyofanyika hapa ilisomwa dunia nzima.

Mwaka 1990 na 1991 watafiti wa hapa na wenzao wa nchi za nje walipima damu za watu wazima wa umri wa miaka 15 hadi 54 katika mkoa wa Mwanza. Vijijini walikuta watu wenye virusi ni asilimia 2.5. Katika vituo vya kando ya barabara kuu, wanakolala madereva wa malori, ni asilimia 7.3. Mjini ni asilimia 11.8. Yaani hapa mjini, katika kila watu wazima 100, karibu 12. Ng'ambo ya ziwa, mjini Bukoba, uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuwa umekuta asilimia 24.2.

Lakini hesabu ya namna hiyo yakuambia ni wangapi wanavyo. Haikuambii ni wangapi wamevipata mwaka huu. Kwa hilo unahitaji kumpima mtu yule yule mara mbili. Ndipo ilipoanza ile kazi kubwa ya mwaka 1991 hadi 1994, iliyofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tawi la Mwanza, pamoja na AMREF na chuo cha tiba za nchi za joto cha London. Heiner Grosskurth, Richard Hayes, John Changalucha na wenzao walichagua sehemu 12 za mkoa, wakazipanga jozi 6: za visiwani na mwambao, za kando ya barabara, za vijijini. Katika kila jozi, sehemu moja ilipewa matibabu bora ya magonjwa ya zinaa: waganga wa zahanati walifundishwa, dawa zikaletwa kwa wakati. Sehemu ya pili ikaendelea na huduma za kawaida. Kutoka kila sehemu walichagua watu kama 1,000 kwa bahati, wakawapima damu. Na baada ya miaka miwili wakarudi nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale wale.

Fikiri kazi hiyo. Mvuvi wa mwaka 1992 hakai kambi moja. Anafuata dagaa na mwezi, leo yuko Ukara, kesho Kome. Hata hivyo waliwapata tena watu 8,845, kama 71 katika kila 100. Kati ya wale ambao mara ya kwanza hawakuwa na virusi, sehemu zilizotibiwa vizuri walikuta 48 katika 4,149 sasa wanavyo. Sehemu nyingine 82 katika 4,400. Ni asilimia 1.2 kwa upande mmoja na 1.9 kwa upande wa pili. Habari hizi zilipochapishwa katika The Lancet mwezi wa Agosti 1995, wataalamu walisema kwamba kutibu kaswende, kisonono na vidonda kumepunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa kama asilimia 40, na jina la Mwanza likaingia katika vitabu vya tiba.

Nimeleta habari hii kwa sababu yahusu dirisha letu. Tuseme mtu mmoja alipata virusi majuma mawili kabla ya kupimwa mara ya pili. Kipimo hakikumwona; akaandikwa kwamba hana. Mwingine alipata majuma mawili kabla ya kupimwa mara ya kwanza; hakuonekana, akaandikwa hana, na miaka miwili baadaye akahesabiwa kama aliyevipata katikati. Kosa la huyu na kosa la yule karibu yanafutana, na katika muda wa miaka miwili majuma machache ni kitu kidogo. Mtafiti analala usingizi. Lakini kwa mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza ya mshauri siku ya tatu baada ya jambo lake, majuma hayo machache ndiyo kila kitu. Kile kilichokuwa kosa dogo kwa watu 8,845 ni kosa zima kwake.

Mahali pengine ambapo dirisha lilidai roho za watu ni katika damu ya kuongezewa. Hospitali zilipopata kipimo, damu za wachangiaji zilipimwa, na iliyoonyesha ikatupwa. Hilo liliokoa wengi. Lakini mchangiaji aliye ndani ya dirisha hupita, na damu yake huingia katika mwili wa mama aliyetokwa na damu wakati wa uzazi au wa mtoto mwenye malaria. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye kituo chake cha kanda hapa Mwanza, na ukaanza kutafuta wachangiaji wa hiari badala ya kutegemea tu ndugu wa mgonjwa wanaoletwa mbio. Ndugu aliyeletwa mbio huona aibu kusema mambo yake mbele ya ukoo. Mchangiaji wa hiari, akiwa na jambo la juzi, hukaa nyumbani. Ukienda kuchangia na ukaulizwa maswali ya faragha, usikasirike, ndugu yangu. Swali lile linatafuta kile ambacho mtambo hauwezi kuona.

Na sasa tufike kwenye jambo la lazima kuliko yote, ambalo laiti ningeweza kulipigia ngoma mitaa yote kuanzia Buhongwa hadi Mabatini. Dirisha si la kungojea mikono mitupu.

Zipo dawa za kinga za dharura, ambazo vituoni huitwa kwa kifupi PEP. Zilianza kwa ajili ya wauguzi na madaktari. Ilijulikana kwamba katika watumishi 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi, kama 3 hupata maambukizi. Mwaka 1995 wachunguzi wa Marekani, Ufaransa na Uingereza waliwalinganisha waliopata na wasiopata, wakaona kwamba wale waliomeza dawa ya zidovudini mara baada ya kuchomwa walikuwa katika hatari ndogo zaidi, kwa kama asilimia 80. Siku hizi dawa ni bora zaidi, nazo hupewa pia aliyebakwa na mtu mwingine aliyekutana na hatari. Sharti lake ni muda: zianzwe upesi iwezekanavyo, saa za kwanza ni bora kuliko za baadaye, na zikipita saa 72 hazitolewi tena. Kisha humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza.

Sababu ya saa 72 ni ile ile ya dirisha. Katika siku hizo za kwanza virusi bado havijaenea mwili mzima. Ni kama moto ulioshika ukuti mmoja wa paa. Kipindi kile kile ambacho kipimo hakioni kitu, ndicho kipindi ambacho dawa yaweza kuzima. Anayekaa nyumbani akisema "nangoja miezi mitatu nikapime" amekosea hesabu, maana ameipoteza siku iliyokuwa na faida kuliko zote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake wawili, wote wachuuzi wa dagaa wa Igogo, wamepatwa na jambo la hatari usiku wa Jumamosi tarehe 1 Machi. Wa kwanza, tumwite Mama Neema, anakwenda kituoni Jumatatu asubuhi tarehe 3. Anapimwa siku hiyo hiyo. Huenda ukauliza faida yake nini, na tumekwisha kusema kwamba kipimo hakiwezi kuona jambo la Jumamosi. Faida ni kujua habari za zamani: kama alikuwa na virusi tangu mwaka jana, hahitaji dawa ya kinga, anahitaji matibabu kamili. Hana. Anapewa dawa, kidonge cha kwanza tarehe 3, cha mwisho tarehe 30 Machi. Tumbo linamsumbua siku za kwanza, havunjiki moyo. Kisha anarudi kupimwa kwa tarehe alizoandikiwa, wala hazibadili kwa hesabu zake mwenyewe, maana dawa zenyewe huweza kuchelewesha lile yowe la mwili.

Wa pili, Mama Kulwa, ameona aibu. Anakwenda tarehe 10 Machi. Saa 72 zilikwisha usiku wa tarehe 4; dawa ya kinga haipo tena kwake. Anapimwa, haonyeshi. Jibu hilo, kwa jambo la tarehe 1, ni sawa na ukurasa mtupu. Ifikapo tarehe 29 Machi, siku ya 28, watu wengi walioambukizwa huwa wamekwisha kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Akipimwa siku hiyo na asionyeshe, ana sababu ya kupata matumaini mengi, lakini si neno la mwisho. Akipata maabara yenye kipimo kile cha vitu viwili, cha damu ya mshipa, jibu la siku ya 45, tarehe 15 Aprili, laweza kutegemewa. Kwa kipimo cha kidole, au kile cha kujipima kwa ute wa fizi, neno la mwisho ni siku ya 90, yaani tarehe 30 Mei. Asipoonyesha siku hiyo, na kama hapakutokea jambo jingine katikati, basi jambo la tarehe 1 Machi limekwisha kabisa. Asiendelee kupima mwezi wa sita, wa saba na wa nane kwa hofu. Wako watu wengi wanaofanya hivyo, nao wanajitesa bure na kumaliza nauli.

Katika miezi hiyo ya kungoja, Mama Kulwa atumie kondomu na mumewe, asichangie damu, na kama ananyonyesha, amwambie muuguzi mapema. Hili si la kumwaibisha. Majuma yale ambayo kipimo hakioni, virusi huzaana katika damu bila askari wa kuvizuia, na mtu huambukiza kwa urahisi kuliko miaka inayofuata. Kituoni husaidiwa namna ya kuzungumza na mume, maana maneno hayo si mepesi, na anayeogopa kupigwa aseme hivyo.

Tena ajihadhari na homa. Watu wengi walioambukizwa hushikwa na homa kati ya juma la pili na la nne: kichwa, koo, mitoki, pengine vipele. Huku kwetu ziwani, homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mtu hununua dawa dukani, anapona baada ya siku chache, anasahau. Homa hiyo haithibitishi kitu, na kukosa homa hakuthibitishi kitu pia. Lakini aliyekuwa na jambo la hatari mwezi huo amwambie mganga yote mawili, homa na jambo, ili mganga ajue la kutafuta.

Na akionyesha? Kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu kwamba anavyo. Hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine, na hata anayejipima mwenyewe nyumbani, jambo ambalo Bunge liliruhusu kwa kubadili sheria mwaka 2019, hupaswa kwenda kituoni kuthibitisha. Akithibitika, huanzishiwa dawa mara moja. Tanzania ilianza kutoa dawa bila malipo mwaka 2004, wakati ule kwa waliokwisha kudhoofika; tangu 2016 kila aliyethibitika huanza bila kungoja kudhoofu. Aliye katika dawa akizimeza vizuri hata virusi visionekane tena katika damu, hamwambukizi mwenziwe katika tendo la ndoa. Mtu wa mwaka 1985 angedhani ni hadithi.

Limebaki swali ambalo akina mama huliuliza sana, juu ya mtoto mchanga. Kwa mtoto mambo hugeuka. Mama mwenye virusi humpa mtoto tumboni kingamwili zake, na hizo hukaa katika damu ya mtoto hata miezi 18. Kipimo cha kidole kitasikia yowe, lakini ni yowe la mama. Mtoto mwenyewe pengine hana kitu. Kwa hiyo mtoto mchanga hupimwa kwa kutafuta virusi vyenyewe, kwa matone ya damu ya kisigino yanayokaushwa juu ya karatasi na kupelekwa maabara. Mtoto akifika miezi 18, na kama amekwisha kuacha ziwa, ndipo kipimo cha kawaida huweza kumsemea.

Kabla hatujaachana, kikundi kifanye hesabu hii. Muuguzi amejichoma kwa sindano tarehe 10 Juni saa 4 asubuhi. Mwisho wa muda wa kuanza dawa ni lini? Akianza siku hiyo hiyo, kidonge cha 28 atakimeza tarehe gani? Na kama hakumeza dawa, siku ya 90 ni ipi? Andikeni kwanza, kisha mtazame: tarehe 13 Juni saa 4 asubuhi, tarehe 7 Julai, tarehe 8 Septemba.